Kila Krismasi Nyumbani Huishia kwa Ugomvi

SWALI: Mpendwa Mshauri, mimi ni fundi umeme jijini Dar es Salaam, nina miaka 43, na kila Desemba huenda na familia yangu nyumbani Rombo. Mwaka jana mdogo wangu alinitaka, mbele ya mama na wakwe, nitoe fedha ya mbuzi wa pili. Nilipokataa akasema, "Kwani wewe si ndiye wa mjini?" Nikaibwaga chini kata ya mbege niliyoishika, ikapasuka, na ilikuwa ya marehemu baba. Mke wangu anasema safari hii atabaki na watoto. Nifanyeje?
Msomaji, Kimara

JIBU: Ndugu msomaji, hasira yako haikuanzia kwenye mbuzi. Ulikuwa umekaa ndani ya basi kwa zaidi ya kilomita 500, umelala saa chache, na kichwani unapiga hesabu za ada na kodi ya Januari. Mwili uliochoka hivyo huwa umekwisha kujiweka tayari kwa mapambano, na neno dogo likidondoka, adrenalini hupanda na moyo hudunda kabla akili haijapima kilichosemwa. Pombe nayo hulegeza breki za ubongo, na kwa kuwa mbege hunywewa kwa kupokezana, ni vigumu mtu kujua amekunywa kiasi gani.

Kwa hiyo fedha izungumzwe mapema. Mpigie mdogo wako simu wiki hii, wala usiandike katika kundi la ukoo la WhatsApp, umwambie kiasi ulichonacho na kwamba ndani yake mmo mbuzi mmoja, mchele na sukari ya mama, basi. Kiasi kinachotajwa kabla ya safari hakimwaibishi mtu. Kinachoaibisha ni kile kinachogombewa tarehe 25 mbele ya wakwe.

Kabla ya kutaja fedha, hata hivyo, muulize habari za mwaka wake. Kwa desturi ya Wachagga, kitinda mimba ndiye hubaki katika kihamba cha wazazi, yaani shamba la migomba lenye nyumba yao, na ikiwa ndiye huyo, basi ndiye anayekata majani ya ng'ombe kila siku na kumpeleka mama kliniki, kisha unakuja wewe kwa wiki moja na kupokewa kama mgeni wa heshima. Sitetei kauli yake, ambayo ilikuwa ya dharau, ila nadhani haikuhusu mbuzi.

Hasira ikipanda, usijibu. Sema unakwenda kuangalia ng'ombe, kisha tembea mgombani dakika 20 hivi ukitoa pumzi polepole kuliko unavyoivuta, kwa maana mwili huhitaji muda kutulia. Patana na mke wako neno la kukuita kando, nawe uahidi kuondoka bila kubisha.

Umeniandikia habari za Rombo tu, lakini tishio la mke wako linanifanya niulize: huko Kimara hakuna kinachopasuka? Kama kipo, au umewahi kumwinulia mtu mkono, usingoje Desemba. Mwone afisa ustawi wa jamii au mtaalamu wa saikolojia hospitalini.

Kuhusu kata ya baba, mwombe mama radhi wewe mwenyewe, siku utakayofika, kabla mizigo haijafunguliwa.