Mwanangu aliichekea roboti. Je, hana usonji?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 2 na miezi 4. Hasemi zaidi ya "ma", na nikimwita hageuki. Kituo kimoja kilimweka mbele ya roboti kwa dakika 10. Alicheka, akaishika mikono, hakuibandua macho. Wakatuambia hana usonji (autism), tukalipa, tukapewa cheti. Baba yake amefurahi, ila mimi moyo haujatulia. – Mama, Tanga

JIBU: Marahaba mama. Moyo wako una akili kuliko hicho cheti.

Mwezi haupiti bila mzazi kuniwekea mezani karatasi ya namna hii. Jana ilikuwa picha ya ubongo, juzi kipimo cha nywele, leo roboti. Watu wanataka kipimo kama cha malaria: tone la damu, mistari miwili, kwaheri. Kipimo hicho hakipo kwa usonji. Hutambuliwa kwa kumtazama mtoto akiwa na watu, na kumhoji kwa kina anayeshinda naye.

Kinachonichoma zaidi ni hoja ya kicheko. Watoto wengi wenye usonji wanaipenda roboti! Uso wake haubadilikibadiliki, sauti ni ileile, haikasiriki. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, kina roboti yake Kaspar tangu 2005, inayowasaidia watoto hao kujifunza kuingiliana na watu. Kwa hiyo kicheko cha mwanao hakimtoi kwenye usonji, wala hakimwingizi.

Watafiti wanaotumia roboti kama NAO, kijitu cha sentimita 58 hivi, hawahesabu vicheko. Roboti inageuza kichwa, inanyoosha kidole kwenye picha ukutani, na kamera inarekodi kama mtoto anafuata. Uzuri wake ni kwamba inafanya vilevile kwa kila mtoto, wakati mimi nikifika kwa mtoto wa nane nimeshachoka. Sasa, wapo watoto wanaoikodolea roboti macho muda wote na kidole wasikifuate hata mara moja. Anayewatazama kijuujuu atasema wako makini. Kwa mwanao, kuna aliyeangalia kama alikifuata kidole? Nenda kaulize.

Niliwahi kuona roboti ikimwita mtoto aitwaye Khamis kwa lafudhi ya Kizungu, jina likatoka kama la chapa ya sabuni. Mtoto hakugeuka, ikaandikwa "hakuitika". Hata mimi nisingegeuka.

Anza na masikio. Mtoto asiyegeuka akiitwa huenda hasikii, na hapo mashine, ya kupima usikivu, ina kazi ya kweli. Kisha mchunguze nyumbani. Akitaka maji, anakutazama na kuonyesha kwa kidole, au anakushika mkono na kuupeleka kwenye jagi kana kwamba ni kijiko chake? Akiona paka, anakugeukia ili nawe umwone? Omba pia maswali 20 ya M-CHAT, dodoso la dalili za usonji analojibu mzazi, yaliyotungwa kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, ingawa hayo ni ya kuchuja tu. Uchunguzi wenyewe, kama ule wa ADOS, ni dakika 40 hadi saa nzima ya kucheza na mtaalamu aliyefunzwa, na bado utaulizwa habari za mtoto tangu mimba. Tiba ya lugha isisubiri hayo yote. Mtoto wa umri huu anayesema "ma" tu anaihitaji sasa, awe na usonji au asiwe nao.

Na wengine mnaosoma: anayekuuzia jibu la dakika 10 hakosi dawa ya kukuuzia wiki ijayo. Kuna wazazi waliowanywesha watoto klorini dioksidi, kemikali ya kupaushia, kwa kuambiwa "inasafisha" usonji. Inaunguza koo na matumbo. Roboti angalau haimezwi.

Cheti usikichane, mama. Utakihitaji ukienda kudai fedha zako.