Kusoma mara nyingi hakutibu kosa linalojirudia

Ndugu, umeuliza kama kuongeza usomaji kutoka mara 40 hadi 100 kutarudisha herufi zinazopotea kwenye DNA ya Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, uliyoisoma kwa MinION, mashine ndogo ya kusoma DNA. Hapana. Makosa ya kubahatisha hufutwa na wingi. Hili lako linarudi palepale kila mara. Jenomu ya kimelea hiki ni takriban asilimia 80 A na T, na mashine hupoteza hesabu kwenye mfululizo kama AAAAAAAAAA. Kama faili za POD5, zenye mawimbi ghafi ya mashine, bado unazo, zipitishe upya kwenye Dorado, programu inayogeuza mawimbi hayo kuwa herufi, kwa modeli ya "sup" iliyo sahihi zaidi, kisha sahihisha mfuatano kwa programu ya Medaka. Badiliko linaloonekana kwenye uzi mmoja tu kati ya nyuzi mbili za DNA, litilie shaka. Na kabla hujatangaza usugu wa dawa kwenye jeni ya kelch13, ambayo mabadiliko yake huhusishwa na usugu dhidi ya artemisinin, tafadhali sana, thibitisha badiliko hilo kwa njia ya Sanger, njia nyingine ya kusoma DNA: kuna wagonjwa watakaobadilishiwa dawa kwa majibu hayo.