Shangazi, nina magari mawili na bodaboda, lakini sina pa kulala

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mjane wa miaka 38. Watoto wangu wawili, wa kiume yuko kidato cha kwanza na wa kike darasa la tatu, wanaishi kwa bibi yao Kondoa. Mume wangu alifariki mwaka jana akaniachia Noah, kadi bado ina jina lake. Nina Kirikuu niliyonunua kwa pesa za kikoba, na Boxer ambayo mtoto wa dada yangu anaendesha hapa mjini, hesabu 7,000 kwa siku, akijisikia kuleta. Nauza viatu vya mitumba minadani: Msalato Jumamosi, siku nyingine Bahi, Kibaigwa, mpaka Mpwapwa, kama kilomita 400 kwa wiki. Chumba cha Chang'ombe nilikiachia, mwenye nyumba alitaka miezi sita kwa mkupuo, 40,000 kila mwezi. Nikatoa viti vya nyuma vya Noah, nikaviacha kwa fundi, nikatandika godoro. Ndiyo nyumba yangu sasa. Kirikuu inafuata nyuma na mzigo, anaendesha deiwaka wa 15,000 kwa siku, siku nne kwa wiki. Shemeji anaitaka Noah, anasema ni mali ya ukoo. Fundi anasema niuze vyote ninunue Haisi, nilale na nibebe humo humo. Sisi ni Waislamu, baba mkwe alishatangulia, mama mkwe yupo. Mtaji unaishia barabarani. Nibaki na lipi? Usiku baridi ni kali, nawasha jiko la mkaa kidogo humo ndani ndipo napata usingizi.*
*Mama wa Minadani, Dodoma*

Marahaba, mwanangu. Pole sana na msiba.

Tuanze na jiko. Usiwashe tena mkaa ndani ya gari, hata usiku mmoja, hata ukiacha kioo wazi kwa upana wa kidole. Mkaa unaoungua unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Haimkohozi mtu, haimwashi macho. Inamchukua usingizini, mwenyewe anadhani amepata joto. Upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba naujua, unapenya hata penye mpira wa mlango. Blanketi la pili, soksi, chupa ya maji ya moto miguuni. Chai chemshia nje.

Haya, magari.

Umeandika marehemu "alikuachia" Noah. Kadi ikiwa na jina lake, gari ni sehemu ya mirathi, na hakuna kati yenu, si wewe, si shemeji, mwenye ruhusa ya kuiuza leo. Mwanzo wake ni kikao cha familia: mnakaa, mnapendekeza msimamizi wa mirathi, muhtasari unaandikwa na kusainiwa. Muhtasari huo na cheti cha kifo vinapelekwa Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi akishateuliwa, hapo ndipo gari linaweza kuuzwa au kadi kubadilishwa TRA. Utazungushwa kidogo, beba chakula cha mchana. Lakini siku ukipata ajali na gari hilo, watu wa bima wataanza kwa kusoma jina lililo kwenye kadi, na mwenye jina hawezi kwenda kujieleza.

Kuhusu "mali ya ukoo". Mirathi ikigawanywa Kiislamu, mke aliyeachiwa watoto ana thumuni, yaani moja ya nane. Mama wa marehemu ana sudusi, moja ya sita. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja. Maadamu marehemu ameacha mtoto wa kiume, kaka yake hana fungu. Usimwambie wewe, mtaingia kwenye maneno ya wifi na shemeji yasiyoisha. Mwombe shehe wa msikiti wenu aje kwenye hicho kikao, alisome yeye.

Ila hesabu hiyo hiyo inakugusa na wewe. Thumuni ni kipande kidogo. Sehemu kubwa ya Noah hiyo ni ya kijana wako wa kidato cha kwanza na dada yake, na kila wiki unaitembeza kilomita 400, unakula matairi yao na gia boksi yao. Najua hukuwa umeiona hivyo. Uliona ndiyo sehemu pekee iliyobaki na harufu yake, na sikulaumu hata kidogo.

Sasa tushike kalamu. Noah tuseme inakwenda kilomita tisa kwa lita, Kirikuu kumi na tano. Bei ya mafuta EWURA wanaibadilisha kila mwezi, kwa hiyo tuchukue 3,000 kwa lita ili tusichoke. Noah kwa kilomita 400 inakunywa kama lita 44, yaani 133,000. Kirikuu lita 27 hivi, 80,000. Deiwaka siku nne, 60,000. Jumla 273,000 kwa wiki, na bado hujanunua hata robota moja la viatu.

Iache Noah. Endesha Kirikuu mwenyewe, ulale gesti ya 10,000 yenye geti na mlinzi, usiku nne. Mafuta 80,000, gesti 40,000: 120,000. Nilirudia mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Kulala kwenye Noah "bure" kunakula mafuta mengi kuliko Kirikuu na kitanda cha kulipia vikijumlishwa pamoja. Kwenye njia kuu kama Kibaigwa, mji wa malori na soko la mahindi, gesti za wasafiri hazikosekani, na mwanamke peke yake ndani ya gari pembeni ya mnada, mzigo na pesa za mauzo chini ya godoro, ni jambo lililokuwa linaninyima raha tangu mstari wa tano wa barua yako.

Unaokoa kama 153,000 kwa wiki. Chumba ulichokikimbia kilikuwa 40,000 kwa mwezi! Najua kilichokushinda ni ule mkupuo wa miezi sita, 240,000, maana wenye nyumba wetu wanapenda kukuona umelegea kabla hujaingia. Kwa mpango huu unazipata ndani ya wiki mbili. Tafuta chumba hata pembeni ya mji, uweke marobota, na watoto wapate pa kufikia wakati wa likizo.

Kwa hiyo Kirikuu ndiyo ya kubaki nayo. Ni yako kwa jina na kwa jasho, spea zake zinapatikana mpaka kwenye maduka ya wilayani, na fundi yeyote wa chini ya mwembe anaijua. Ukijaza viatu usipite kilo 350, ndiyo saizi yake. Ukirudi mtupu kutoka Kibaigwa wakati wa mavuno, weka gunia zako mbili tatu za mahindi uje uuze mjini. Nimesema zako. Kubeba mzigo wa watu kwa malipo ukiwa na namba ya njano, ya gari binafsi, ni kumwita trafiki kwa jina.

Udhaifu wake ni kifuku. Kuanzia Desemba mpaka Aprili, vile vitairi vyake na tope jeusi la mbugani havielewani. Na makorongo yetu unayajua: jua linawaka hapo ulipo, kumbe mvua imenyesha mbali, maji yanakuja na mchanga wake. Miezi hiyo fanya minada ya kwenye lami, ile ya ndani ndani waachie wenye Canter. Mauzo yatapungua. Gharama nazo zitapungua.

Haisi ya fundi sitaisemea sana. Kwa bei ya Kirikuu na akiba yako utapata iliyomaliza ujana wake kwenye daladala, na anayekushauri uinunue ndiye atakayelipwa kuitengeneza. Isitoshe, kila kituo utasimamishwa uulizwe abiria umewashusha wapi.

Usishawishike pia kuibakiza Noah barabarani "kwa dharura". Kwetu Manyoni baba alikuwa na Land Rover mbili, moja ya kutembelea na moja ya akiba. Ya kutembelea ikikosa kitu, wanafungua kwenye ya akiba. Leo dinamo, kesho kioo, keshokutwa tairi. Mwisho wake mama alikuwa anaokota mayai kwenye kiti cha dereva.

Ili isifike huko, iegeshe palipo na ukuta, kwa mtu wa upande wako. Kadi na ufunguo vikae kwako. Chomoa waya wa betri, na kila ukirudi mjini iunge, iwashe, isogeze mbele na nyuma kidogo matairi yasikae upande mmoja. Rodi laisensi ya kila mwaka ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo gari lililolala halikudai hiyo. Siku roho ikikuuma, nenda ukalale humo usiku mmoja. Bila jiko.

Boxer mpe huyo kijana kwa mkataba. Hesabu ya 7,000 anaikwepa kwa sababu pikipiki si yake. Mwambie 8,000 kwa siku, siku 26 za mwezi, miezi minane, halafu inakuwa mali yake. Hiyo ni 1,664,000, na matengenezo ni juu yake kuanzia siku ya kwanza. Andikishaneni ofisi ya serikali ya mtaa, dada yako awe shahidi, maana ndiye utakayemlilia. Akimaliza, kadi ibadilishwe siku hiyo hiyo; faini za trafiki zinafuata namba ya chombo, na namba ikiwa ya kwako zitakufuata wewe.

Jambo la mwisho ni viti vya Noah ulivyoviacha kwa fundi. Ni mali ya mirathi kama injini ilivyo. Kavichukue kesho asubuhi, kabla hujapanda Haisi ya mtu ukavikuta humo.

Shangazi