Kuchimba mto peke yake hakutoshi

Umeuliza kwa nini manispaa isichimbe tu mto Msimbazi pale Jangwani, Dar es Salaam, mafuriko yakaisha. Unachimbwa, lakini mchanga unarudi. Mto unatokea vilima vya Pugu na Kisarawe, na huko juu miti ikikatwa na viwanja vikipimwa hadi ukingoni, udongo wote unateremka mpaka bondeni. Kwa hiyo kazi kubwa ya halmashauri iko kwenye vibali vya ujenzi, mbali kabisa na Jangwani.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Tatizo ni usimamizi: mtu anajenga wiki nzima, mtendaji wa mtaa anapita, halafu miaka baadaye nyumba inapigwa alama ya X, yaani ibomolewe. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 waathirika wengi walipewa viwanja Mabwepande, mbali na riziki zao mjini, na baadhi wakarudi bondeni. Hilo lilitabirika.

Mradi wa sasa wa Bonde la Msimbazi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia chini ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), umechukua njia ninayoiona bora: kulipa fidia watu wahame, kuinua daraja la Jangwani, na bonde la chini kuwa bustani, ili maji yakifurika yakute nyasi, siyo vyumba vya kulala.

Mitaro na taka? Muhimu, ila mitaro izibuliwe kabla ya masika, siyo Aprili.