Zeze Lililia, Faili Likagoma

Mwaka 2008 nilitunga kipande cha dakika 11 cha zeze na kompyuta. Mzee anapiga, maikrofoni inaipeleka sauti kwenye kompyuta mpakato, nayo inairudisha ukumbini kupitia spika nne ikiwa imeshushwa, imekatwakatwa, imezungushwa. Tulikipiga mara tatu, nikafunga faili, nikasahau.

Miaka 14 baadaye tukaombwa tukirudie. Zeze lilishushwa ukutani, likatiwa uzi mpya, likalia. Faili langu likagoma. Kompyuta za Apple zilishaacha kupokea programu za biti 32, za mtindo wa zamani kama ile iliyoendesha faili langu, tangu 2019, na ile mashine yangu ya zamani ilikwisha kuliwa na chumvi ya Mombasa.

Nilibaki na video ya simu na daftari. Daftari ndilo lililoniudhi. Mkono wangu mwenyewe umeandika: "hapa namba 7, nusu." Namba 7 ya nini? Nusu ya nini? Tangu siku hiyo siandiki jina la kitufe. Naandika sauti inafanywa nini.

Tazama Mantra ya mtunzi Mjerumani Stockhausen, ya mwaka 1970, ya piano mbili. Sauti ya kila piano huzidishwa na wimbi jingine. Noti ya hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, ikizidishwa na wimbi la hezi 100, zinatoka 540 na 340, yaani jumla na tofauti. Vifaa vya wakati ule vikifa, hesabu haifi. Mwanafunzi wa leo anaiandika kwa mstari mmoja. Jupiter ya mtunzi Mfaransa Philippe Manoury, ya 1987, ilikuwa na kazi ngumu zaidi. Ilitungwa kwa filimbi na 4X, mashine ya kuchakata sauti iliyoundwa IRCAM, kituo cha utafiti wa muziki na sauti, Paris. 4X imebaki historia, lakini Jupiter bado inapigika kwa sababu kuna watu walioketi wakaihamisha, mashine hadi mashine, hadi kwenye Pd (Pure Data), programu ya kutengenezea muziki kwa kompyuta. Pd ni ya bure, na faili zake ni maandishi matupu: hata programu ikitoweka, utalifungua faili usome kilichounganishwa na nini. Mimi nimehamia huko, ingawa sura yake ni mbaya kama fomu ya kodi.

Jambo jingine, na hili lingeniokoa wiki sita: kila mnapopiga, rekodi njia mbili kwa wakati mmoja. Moja ni zeze kavu, kabla halijagusa kompyuta. Ya pili ni kile kinachotoka kwenda kwenye spika. Weka kwa WAV ya biti 24, isiyobana sauti, usiweke MP3, inayoipunguza. Atakayekuja kuandika upya atalipitisha zeze lile lile kavu kwenye programu yake, halafu atalinganisha. Mimi nililinganisha na video ya simu, na simu haisikii besi.

Wenye tepu za sauti za magurudumu za miaka ya 70 na 80, neno moja tu. Ikinata au ikipiga kelele mashineni, izime hapo hapo. Gundi yake imenyonya unyevu. Kuna mafundi wanaozikausha kwa saa kadhaa kwenye joto dogo la takriban nyuzi 54, kwa oveni inayodhibitiwa barabara. Oveni ya jikoni usiiguse, na tepu za asetati hazipikwi kabisa.

Basi nikamaliza kuiandika upya programu ya kipande chetu, nikamwita Mzee aje kusikia. Akapiga sehemu ya kwanza, akanyamaza, upinde hewani. Nikangoja. Naye akangoja.

"Mwanangu, ile *tak* iko wapi?"

"Tak gani, Mzee?"

"Kabla ya kila sehemu kulikuwa na *tak*. Ndiyo iliyokuwa ikiniambia niingie."

Nilielewa baada ya kurudia video. Kompyuta ya zamani ilikuwa ikikabwa kidogo kila ilipobadili sehemu, na sauti ikakatika: ndiyo *tak* yake. Ya sasa haikabwi. Nimeitengeneza *tak* upya, milisekunde 20, mahali pake pote, na daftarini nimeandika ni ya nani.