Klachi ya AG200 haikati baada ya pikipiki kulala masika yote, ninunue pleti?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina Yamaha AG200 ya zamani naitumia kwenda shamba huku Kilosa, njia zetu ni tope na mawe tu. Ililala bandani tangu mvua zianze, juzi nimepiga kiki ikawaka vizuri kabisa, lakini nikibana klachi nikaingiza gia ya kwanza inaruka mbele na kuzima. Fundi wa hapa kabadilisha kebo ya klachi kaweka na oili mpya SAE 40, bado vilevile. Injini ikipata moto tatizo linapungua kidogo, ila nikisimama frii (bila gia) siipati kabisa. Sasa ananiambia ninunue pleti zote za klachi. Ni kweli pleti zimekufa?

JIBU: Salama kaka, pole na usumbufu. Usinunue pleti kwanza. Pleti mpya zinatibu klachi inayosilipu, yaani unaongeza mafuta injini inalia lakini pikipiki haiendi. Yako shida yake ni kinyume, imeshika na haitaki kuachia, na pleti zilizolika zikabaki nyembamba kwa kawaida hazisababishi hilo. Naona watu wengi wanapoteza hela hapa, wanaweka pleti mpya kwenye basketi (kikombe cha chuma kinachobeba pleti) mbovu na baada ya siku chache wanarudi palepale.

Angalia inavyofanya kazi. Ndani kuna pleti zenye lining (utando wa kusugua) zinazoshikwa na vidole vya basketi, na katikati yake pleti za chuma zinazoshika habu (kitovu cha katikati), zote zinaoga kwenye oili ileile ya injini, na springi zinazibana pamoja. Ukivuta leva (mkono wa klachi kwenye usukani), presha pleti, ile ya nje inayozibana zote, inasogea kidogo sana, haifiki hata mm 3, na hiyo nafasi ndiyo inagawanywa kwa pleti zote. Kwa hiyo kitu kidogo tu kikiila hiyo nafasi, kebo kulegea, pleti kupinda, oili nzito, klachi haikati.

Wewe umesema ikipata moto inapungua na pikipiki ilikuwa imelala, hapo mimi nashuku pleti zimegandana kwa oili ya zamani na kutu, halafu SAE 40 ikaongeza ugumu. Oili hiyo bodaboda wengi wanaiweka na pikipiki zinatembea, sikatai, lakini asubuhi ikiwa baridi ni nzito na pleti zinavutana kama vioo viwili vilivyolowa. Imwage. Weka oili ya pikipiki 20W-40 au 10W-40 yenye maandishi JASO MA au MA2 kwenye kopo, hiyo alama maana yake imepimwa kwa klachi inayoogelea kwenye oili. Na usijaze kupita kipimo, oili ikizidi nayo inafanya klachi ivute.

Kabla ya kufungua chochote hakikisha leva na kebo. Mwambie mtu avute leva taratibu wewe uangalie ule mkono mdogo kwenye injini unaovutwa na kebo, unatakiwa uanze kutembea karibu palepale leva inapoanza kuvutwa. Uchezaji kwenye leva, pale kwenye egemeo lake, uwe mm 2 hadi 3 basi. Kebo kuwa mpya sio kinga, nyingine za bei rahisi ganda lake linajikunja ukivuta, unaona leva imefika mwisho kumbe kule chini hakuna kilichosogea. Angalia pia kama imepita njia yake ya mwanzo na haijabanwa ukikata kona.

Hapo pakiwa sawa, jaribu kuzibandua bila kufungua. Washa ikiwa frii ipate moto vizuri, zima, ingiza gia ya pili au ya tatu, bana klachi mpaka mwisho halafu isukume mbele na nyuma kwa nguvu, mara nyingi utasikia imeachia ghafla na gurudumu linakuwa jepesi. Wengine wanaiwasha wanatembea nayo wameshika klachi huku wanaongeza mafuta na kushika breki, inafanya kazi lakini fanya kwenye uwanja mtupu tu maana pikipiki haitasimama kwa klachi, kidole kiwe kwenye swichi ya kuzimia muda wote.

Ikigoma ndio ufungue, kava la kulia. Kama oili bado ni safi sio lazima uimwage, funga petroli, ilaze pikipiki upande wa kushoto, oili inakimbilia huko. Toa mkono wa kiki, fungua kava taratibu gasketi isichanike. Bolti za springi zilegeze kwa kupishana, kidogo kidogo. Pleti zitoe ukiziweka kwa mpangilio wake, piga picha kwa simu kabisa.

Sasa kazi yenyewe iko hapa. Pleti za chuma zilaze juu ya kioo ujaribu kupitisha fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi) chini yake, vitabu vingi vinaweka kikomo kati ya mm 0.1 na 0.3 kutegemea pikipiki, iliyozidi haifai hata ikiwa inang'aa. Kutu nyepesi itoe kwa msasa laini. Halafu pitisha ukucha kwenye vidole vya basketi na kwenye meno ya habu. Ukucha ukinasa kwenye vijishimo, huyo ndiye mwizi wako, pleti zinakaa mle na hazitaki kuteleza ziachane. Vijishimo vidogo unavinyoosha kwa tupa, kila kidole kiasi kilekile, lakini vikiwa virefu tafuta basketi nyingine, ukila chuma kingi pleti zitakuwa zinagonga na tatizo litarudi upya. Nati ya habu nayo isiwe imelegea.

Wakati wa kurudisha, pleti zilowe oili kwanza, na kama mwishowe utaweka mpya zilaze kwenye oili usiku mzima. Kwenye Yamaha za aina hii kuna skrubu ya kurekebisha yenye nati katikati ya presha pleti, wengi wanaisahau. Sukuma ule mkono wa kebo mpaka ugote, halafu zungusha skrubu mpaka alama ya mkono ilingane na alama kwenye injini, ndipo ukaze nati. Hii isipokaa sawa utahangaika na kebo mwaka mzima.

AG200 ina loko kwenye leva ya klachi, wewe pikipiki ikilala msimu mzima funga hiyo loko klachi ikae imebanwa, pleti hazitagandana kirahisi tena.

Na ukifungua ukakuta kidole cha basketi kimekatika, usiiwashe tena mpaka uone kile kipande kilipo, maana kikiingia kwenye gia gharama yake sio ya klachi tena. Niandikie ulichokuta, na ukiweza ambatanisha picha ya basketi.