Kabla ya Kuvuka Daraja la Uji: Ushauri kwa Anayekwenda Ise

Mara ya kwanza nilipofika Ise, katika mkoa wa Mie nchini Japani, nilikimbilia Naiku, hekalu la ndani la Amaterasu, mungu wa jua, kwa kuwa ndilo lenye sifa. Baadaye nikajua kwamba desturi ni kuanzia Geku, hekalu la nje la Toyouke, mlezi wa chakula, ndipo mtu apande basi kwenda Naiku. Tenga siku nzima, na uende alfajiri, kwani malango hufunguliwa saa kumi na moja.

Kwenye daraja la Uji, linalovuka mto kuingia Naiku, inama kidogo mbele ya torii, lile lango la nguzo mbili, kisha utembee upande wa kulia. Huko Geku hutembea kushoto. Katikati ya njia huachiwa kami, nafsi takatifu zinazoabudiwa katika Ushinto, dini ya jadi ya Japani. Birika la kunawia lipo, lakini mimi huteremka hadi kingo za mto Isuzu na kunawa humo, kama mahujaji wa zamani.

Mbele ya hekalu, inama mara mbili, piga makofi mawili, omba kimyakimya, kisha inama mara moja. Hapo watu hutoa shukrani. Haja za binafsi hupelekwa Aramatsuri-no-miya, hekalu dogo lililo jirani.

Usitarajie kuona mengi. Ua wa mbao na pazia jeupe huficha karibu kila kitu isipokuwa paa la nyasi, na kupiga picha kunakatazwa ukishapanda ngazi, jambo ambalo mlinzi alinikumbusha kwa upole uliozidi kunitia haya. Badala ya kuchungulia, tafuta kiwanja kitupu kilicho ubavuni mwa hekalu. Kila baada ya miaka 20 jengo jipya la mbao za hinoki, mti wa Kijapani wa jamii ya mvinje, husimamishwa upande wa pili kwa umbo lilelile, na la zamani hubomolewa. Kazi hiyo ilianza mwaka 690, ikakatizwa kwa zaidi ya karne moja wakati wa vita vya ndani, na ya 62 ilikamilika mwaka 2013. Inayofuata ni 2033.

Mbao kuukuu hazitupwi. Unaporudi darajani, simama tena chini ya torii ya upande wa ndani: nguzo zake ni nguzo kuu za hekalu la Naiku lililobomolewa, lile ambalo wageni waliotutangulia nao hawakuruhusiwa kulikaribia.